Dodoma, Hombolo, Mtera: kufuata minyoo ya samaki na ndugu zake wa baharini

Simulizi hii imepangwa baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari la kazi na picha za simu. Shabaha ya safari ilikuwa kukusanya minyoo michanga ya jamii ya Anisakidae kutoka kwa perege na kambale, ili mafundi wa maabara watakaokuja kupasua pomboo na nyangumi wanaokufa ufukweni wazoeshe mikono mapema. Mtu atauliza, Dodoma na nyangumi wapi na wapi? Lakini minyoo hiyo ina njia moja, iwe bara au pwani: yai majini, kijidudu kinachoelea, samaki, kisha mla samaki. Baharini mla samaki huyo ni sili, pomboo au nyangumi. Kwenye bwawa la Mtera, ambako sili hajawahi kufika, nafasi yake wameishika ndege wala samaki, mnandi na mwari.

Jumatatu, Dodoma mjini: manunuzi

Siku nzima ilikwenda madukani. Spiriti ya asilimia 70 inapatikana maduka ya dawa, ila kwa kazi ya siku kadhaa ni nafuu kununua ya 96 kwa wauza vifaa vya maabara. Changanya mililita 730 za hiyo na mililita 270 za maji yaliyochemshwa yakapoa, utapata karibu lita moja ya asilimia 70. Bakiza nusu lita ya 96 bila kuigusa, ni ya minyoo itakayopimwa vinasaba. Fomalini iacheni. Inaharibu vinasaba, na ikivuja ndani ya basi abiria wote watashuka wakilia machozi.

Chumvi ni gramu 9 kwa lita ya maji. Asiye na mizani atumie kijiko cha chai kimoja na nusu, kilichosawazishwa juu. Usidharau hatua hii. Mnyoo hai ukitiwa kwenye maji matupu ya bomba hufyonza maji, huvimba na kupasuka, na unachobaki nacho ni ngozi isiyotambulika. Vichupa vya sampuli tulipata kwa shilingi 500 kimoja, glavu boksi moja 15,000, na penseli za kawaida. Penseli ni lazima: wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, na karatasi iliyoandikwa kwa wino hutoka nyeupe. Karatasi ya maelezo iingie ndani ya kichupa pamoja na mnyoo, isibandikwe nje.

Jioni tulipita soko la Majengo. Perege wengi walikuwa wametumbuliwa tayari, kwa hiyo hawatufai. Vibua vya barafu vilikuwa vizima na matumbo yao, kilo shilingi 8,000. Tulinunua kilo moja tukaipasua nyumba ya wageni juu ya gazeti. Juu ya ini na kando ya utumbo wa baadhi yao kulikuwa na minyoo myeupe ya sentimita mbili hivi, imejikunja bapa kama dawa ya mbu ya kuchoma. Huo ndio mkao wa Anisakis mchanga ndani ya samaki wa bahari. Mwenyeji wake wa mwisho ni nyangumi au pomboo: humo tumboni hukomaa, hujikusanya mafungu mafungu vichwa vikiwa vimezama kwenye ukuta wa tumbo, na pale walipozama huacha vidonda. Hawa wa Majengo walikuwa wamekufa kwa barafu siku nyingi. Hawaambukizi mtu, ingawa mwenye mzio wa protini za Anisakis anaweza kudhurika hata na mnyoo uliokufa au uliopikwa.

Jumanne, Hombolo

Kutoka mjini ni kiasi cha kilomita arobaini, kaskazini mashariki. Tulikodi gari dogo kwa siku nzima, shilingi 100,000 na mafuta juu yetu, kwa sababu deli la barafu, hadubini na ndoo havikai vizuri kwenye daladala. Vumbi la kiangazi linaingia hata pale dirisha linapofungwa. Funga hadubini kwenye mifuko miwili ya plastiki kabla ya kuondoka, si baada ya kuona vumbi.

Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957. Maji yake yana chumvichumvi, na wakati wa kiangazi yanakuwa yamerudi nyuma na kuacha tope pana. Anza ofisi ya kijiji, kisha kwa afisa uvuvi, barua ya utambulisho mkononi. Salamu nazo zina uzito wake: kundi la wazee ukiliambia "mbukwenyi", mazungumzo yanakwenda haraka kuliko barua yenye mihuri mitatu. Usiingie majini kwa ndala. Maji yaliyotuama yenye konokono ni maji ya kichocho mpaka yathibitishwe vinginevyo. Tulivaa gambuti, na sampuli tulipokea kutoka mitumbwini.

Hapa tulichopata zaidi kwa perege ni vifuko vya manjano vya milimita chache, chini ya ngozi na kwenye koo karibu na matamvua. Ni Clinostomum, mnyoo bapa, si wa jamii tuliyoifuata, lakini unafundisha. Unapita kwa konokono, halafu samaki, halafu unakomaa kinywani na kooni mwa korongo. Wavuvi wanaujua sana kwa sababu mteja akiuona hukataa samaki. Kuutoa: chana kifuko kwa ncha ya sindano ndani ya maji ya chumvi, mnyoo utajitokeza wenyewe. Usiutupe moja kwa moja kwenye spiriti baridi, maana utajikunyata na viungo vya ndani havitaonekana. Uweke kati ya vioo viwili na tone la maji ya chumvi, bonyeza kidogo tu mpaka ulale, ndipo uingize spiriti kutoka pembeni.

Mwaloni kulikuwa na paka wengi wakigombea matumbo ya samaki. Paka anastahili kutajwa hapa kwa jambo la mbali. Paka aliyeambukizwa kimelea cha Toxoplasma hutoa kwenye kinyesi mayai madogo mno yanayodumu miezi kwenye udongo wenye unyevu na yasiyouawa na klorini ya kawaida. Mvua huyasomba hadi mtoni na baharini. Hawaii, sili adimu wa visiwa vile wamekufa kwa ugonjwa huo, na California fisi maji wa baharini nao wamekufa, wakiwa wameupata kwa kula konokono na viumbe wengine wa pwani wanaobeba mayai hayo. Paka hakanyagi bahari hata siku moja, na bado anamuua mnyama asiyepanda nchi kavu ila kwa kupumzika au kuzaa. Mama mmoja muuza samaki alisikiliza habari hiyo akiwa anaparua magamba, akauliza kama basi paka wake wauawe. Hapana. Kinyesi chao kifukiwe mbali na maji, na wasipewe nyama wala matumbo mabichi. Alitupikia chai ya tangawizi na hakutaka malipo. Tulimwachia barafu iliyobaki.

Jumatano, barabara ya Mtera

Kutoka stendi kuu ya Nzuguni, mabasi ya Iringa hupita Mtera. Nauli tuliyolipa ni 9,000 kwa mtu na 5,000 kwa mzigo. Kubaliana bei ya mzigo kabla haujaingia kwenye buti, maana ukishafungiwa humo bei hubadilika. Barabara ni ya lami: Mpunguzi, Mlowa Barabarani, Manzase, Fufu, Chipogolo, mibuyu pande zote mbili na mbuzi wasioogopa honi.

Pancha ilitukamata katikati ya pori. Utingo alikuwa na tairi la akiba lakini jeki haikupanda, tukakaa zaidi ya saa moja na nusu. Mzee mmoja mchunga ng'ombe alitusogeza kwenye kivuli cha mbuyu, akatuma kijana akalete maji ya kunywa, na kijana akarudi na ndoo pamoja na ubuyu kwenye kofia. Kwa wanaobeba barafu: saa moja na nusu ya jua la Dodoma inamaliza theluthi ya deli. Funika deli kwa kanga iliyoloa, na liweke upande wa basi usiopigwa na jua.

Chakula Chipogolo, ugali na mlenda na kipande cha kuku, 4,000. Jioni tukafika.

Alhamisi, Mtera: siku ya kazi

Bwawa hili ni la umeme, kwenye mto Ruaha Mkuu, na mtambo wake ni wa megawati 80. Maji yakitoka hapa huteremka hadi mitambo ya Kidatu. Barabara ya Dodoma na Iringa inapita juu ya ukuta wenyewe. Usipige picha ukutani, kuna walinzi, na simu itachukuliwa. Viboko na mamba wapo, kwa hiyo kuchota maji ya kuoshea sampuli iwe mbele ya wenyeji, mahali wanapochota wao.

Mitumbwi huanza kurudi kabla ya jua kutoka. Tulikubaliana na BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, hivi: samaki ni wa wavuvi, sisi tunawatumbulia bila malipo, nao wanatuachia matumbo, na wale tunaohitaji wazima tunawanunua kwa bei ya mwalo. Fungu la perege wanne lilikuwa 5,000, kambale mmoja mkubwa 8,000. Mpango huo ulipunguza gharama sana, na foleni ya wachuuzi wanaotaka kutumbuliwa ilikuwa ndefu kuliko mikono yetu.

Utaratibu wa kumpasua ni huu. Mpe samaki namba, mpime urefu, angalia ngozi, macho na matamvua. Ingiza mkasi wenye ncha butu kwenye tundu la haja, kata kwenda mbele hadi kidevuni, ncha ikiwa imeinuliwa juu ili isitoboe utumbo. Ukitoboa, minyoo ya ndani ya utumbo itachanganyika na ya nje yake, na hutajua tena ipi ilitoka wapi. Kwa perege, kabla ya kugusa chochote fungua mfuko wa moyo, ule uwazi mdogo nyuma ya matamvua. Contracaecum, mnyoo wa jamii ile tuliyoifuata, hupenda kukaa humo. Wengi hupasua tumbo, wakaona safi, wakaandika "hakuna", na mnyoo wa sentimita tatu umejiviringisha kando ya moyo. Kwa kambale fanya kinyume: anza na uwazi wa tumbo, kwenye mafuta na kuzunguka utumbo, ambako hukutwa wengi kwa pamoja.

Kila kiungo kiingie sahani yake yenye maji ya chumvi. Nyama ikatwe vipande vya milimita tano, iwekwe juu ya kioo, tochi ikiwashwa chini. Kivuli chenye umbo la uzi ni cha kuchunguzwa. Mishipa ya damu hudanganya, ila haijikunji ukiigusa.

Kuhifadhi ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Mnyoo wa duara ukitiwa kwenye spiriti baridi hujikunja na kukauka hivyo hivyo, na kuunyoosha baadaye ni kuuvunja. Pasha spiriti ya asilimia 70 hadi nyuzi 60 au 70, kisha tumbukiza mnyoo: unanyooka papo hapo. Spiriti ipashwe kwa kuweka kopo lake ndani ya sufuria ya maji moto yaliyokwisha kuepuliwa. Ikiwekwa juu ya jiko la mkaa mvuke wake utashika moto. Kila mnyoo wa tatu hivi tuliuweka kwenye spiriti ya 96 bila kuupasha, kwa ajili ya vinasaba.

Utambuzi wa awali unafanyika kwenye makutano ya umio na utumbo. Weka mnyoo kwenye mchanganyiko wa gliserini na spiriti, acha spiriti ipotee taratibu, mwili utakuwa angavu. Anisakis hana mfuko wowote wa ziada hapo. Pseudoterranova, ndugu yake wa baharini, ana kifuko kimoja kinachoelekea mbele. Contracaecum anavyo viwili, kimoja mbele, kingine nyuma. Wa Mtera walikuwa na viwili. Aina kamili haisomeki kwa mnyoo mchanga, hiyo ni kazi ya vinasaba, na anayekuandikia jina kamili kwa kutazama tu umtilie shaka.

Baada ya saa nne asubuhi mzee wa BMU alikuja na swali ambalo ndilo lenyewe: kwa nini miaka ndege wanapokuwa wengi samaki nao wanakuwa na "nyuzi" nyingi? Mnandi na mwari hula samaki, mnyoo hukomaa tumboni mwao, mayai hushuka na kinyesi majini, kopepodi, kile kijidudu kinachoelea, humla aliyeanguliwa, samaki humla kopepodi. Bahari ya Baltiki imepita njia hiyohiyo. Sili wa kijivu walipungua sana kwa kuwindwa na kwa sumu za viwandani, baadaye wakalindwa wakaongezeka, na Contracaecum osculatum, ambaye ni wa sili, akaongezeka kwenye maini ya chewa wa huko mpaka maini mengine yakajaa. Wavuvi wa kule wanawalaumu sili, wa Mtera wanawalaumu mnandi. Lakini hapa mwaloni matumbo yalikuwa yakitupwa ukingoni na ndege wakiyapigania mbele ya macho yetu, minyoo hai ikiwa ndani. Kufukia matumbo shimoni hakutamaliza minyoo ya bwawa zima, ila ni sehemu ya mzunguko ambayo mtu anaweza kuikata kwa jembe.

Ijumaa, Mtera: upepo

Upepo ulivuma tangu usiku, mitumbwi haikutoka. Tulipanga vichupa na kupitia hatua za kumpasua mnyama wa baharini, tukitumia utumbo wa mbuzi kutoka machinjioni, 3,000.

Kwa pomboo aliyekufa, funga tumbo kwa kamba pande zote mbili kabla ya kulitoa, kisha lifungue juu ya beseni na kuchuja kwenye wavu wa nusu milimita. Chunguza tundu la pumzi na uwazi wa masikioni: minyoo ya Stenurus na Nasitrema hukaa humo, na Nasitrema akiingia ubongoni mnyama hupoteza mwelekeo. Kata pia tabaka la mafuta sehemu ya chini karibu na tundu la haja. Vifuko vyeupe humo ni tegu wachanga, na hawamtaki pomboo, wanamsubiri papa amle. Kwenye tumbo lake Anisakis amefika nyumbani, kwenye mafuta yake tegu bado yuko safarini. Ndiyo maana kuandika "ana minyoo" hakusemi kitu mpaka uandike ilikuwa kiungo gani na umri gani. Aprili 2006 pomboo wapatao 400 walikufa pwani ya kaskazini ya Unguja. Idadi kama hiyo ikitokea tena, hakutakuwa na muda wa kujifunza kufunga kamba.

Kwa sili mambo ni tofauti kidogo. Mapafu yafunguliwe kuanzia koo hadi matawi madogo, kwa sababu mnyoo wa Otostrongylus huziba njia kubwa za hewa na Parafilaroides huishi ndani kabisa. Moyo ufunguliwe upande wa kulia: mnyoo wa moyo, Acanthocheilonema spirocauda, hukaa hapo, na anayemsambaza ni chawa wa sili anayeweza kuzama naye baharini. Kwa mtoto wa simba bahari au wa sili mwenye manyoya, usiache utumbo mwembamba. Safura wa jamii ya Uncinaria humfikia kwa maziwa ya mama siku za mwanzo, kabla hajaonja samaki hata mmoja.

Mchana tulikula perege wa kukaanga na ugali wa mtama, 6,000 sahani, na dada mpishi akauliza tena lile la kila mahali: tunaokula tuna hatari? Perege wa Mtera aliyeiva hadi mfupani, hana. Nyuzi 60 katikati ya mnofu kwa dakika moja zinamuua mnyoo. Kambale aliyebanikwa kwa moto mkali naye yuko salama. Chumvi kidogo na ndimu haviui, na moshi wa baridi hauui. Uholanzi ndiko mwaka 1960 ilikoelezwa kwa mara ya kwanza kwamba Anisakis wa heringi mbichi anamtoboa mtu utumbo, na mwaka 1968 sheria yao ikalazimisha heringi wagandishwe kwanza. Friza ya nyumbani ikifika kweli nyuzi 20 chini ya sifuri, siku saba zinatosha. Umeme ukikatika katikati, anza kuhesabu upya.

Na atumbuliwe mapema. Samaki wa bahari akikaa na matumbo yake kwenye joto, Anisakis huanza kutoka utumboni na kuingia kwenye mnofu, mahali ambapo kisu cha mpishi hakimtafuti.

Jumamosi, kurudi

Mabasi kutoka Iringa hufika Mtera yakiwa yamejaa. La kwanza na la pili yalitupita. La tatu lilisimama kwa sababu mchuuzi wa samaki aliyekuwa kituoni alimjua dereva na kumpigia simu. Siti zilikuwa mbili, wengine walikalia ndoo hadi Fufu.

Spiriti husafirishwa hivi: vichupa vijazwe mpaka juu ili mnyoo usigongegonge, kifuniko kizungushiwe utepe, vyote viingie kwenye ndoo yenye mfuniko na vumbi la mbao litakalofyonza kikivuja. Mwambie kondakta ni spiriti, na ndoo ikae mbali na injini. Orodha ya vichupa iwe kwenye daftari la mtu mmoja na picha yake kwenye simu ya mwingine.

Ukifika, badilisha spiriti ndani ya saa 24. Maji ya mwilini mwa minyoo huipunguza nguvu, na kichupa chenye minyoo mingi ya kambale kinaweza kuanza kunuka ndani ya wiki. Vyetu vilibadilishwa usiku huohuo. Vile vya asilimia 96 vimewekwa kwenye friji ya maabara, rafu ya chini, vikipangwa kwa namba ya samaki na si kwa tarehe.